Mahali pa Kukutania kwa Mujibu wa Waraka Namba Saba

Kwa furaha kubwa, na kwa niaba ya Kamati ambayo mimi ni mjumbe wake wa tisa, napenda kutangaza kwamba Mamlaka ya Bwawa na Mto sasa ina Mahali pa Kukutania. Tumekaa miaka arobaini na miwili bila Mahali hapo na hatukujua tunakosa nini. Sasa tunajua. Waraka Namba Saba umeeleza kila kitu katika kurasa kumi na nne, na ukurasa wa kumi na tano ni wa saini.

Nieleze kwanza nilivyoingia kwenye Kamati, maana wapo wanaosema nilibebwa. Mimi ni mpika chai wa makao makuu, mwaka wa thelathini na moja huu, na watu wote, kuanzia mlinzi hadi Mkurugenzi Mkuu, huniita Bibi. Siku ya kikao cha kwanza walifika wajumbe wanane, na akidi ni tisa. Mimi nilikuwa naingia na sinia. Mkurugenzi Mkuu akahesabu vichwa, akahesabu tena pamoja na changu, akasema, "Bibi, kaa." Nikakaa. Karani akaniandika: Mjumbe, Mwakilishi wa Huduma. Ni wema ambao sitausahau. Viti vya ukumbi ule nilikuwa navifuta kila siku, lakini sikuwa najua kwamba vinabonyea hivyo.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mamlaka yetu inatunza bwawa, na chini ya bwawa, kufuata mto, kuna vituo thelathini na vinane. Kila kituo kina mhudumu mmoja, kengele na bendera nyekundu. Mvua ikizidi, milango ya bwawa hufunguliwa, na kabla haijafunguliwa lazima vituo vyote viambiwe, ili wahudumu wawatoe watu mtoni: wanaofua, wachimba mchanga, wenye bustani za mboga, na watoto waliotoroka shule kwenda kuogelea. Zamani kazi ya kuwaambia ilikuwa ya mama mmoja wa simu. Alipiga simu thelathini na nane, moja baada ya nyingine, na kila aliyepokea aliulizwa kwanza kama watoto wazima. Ilimchukua saa moja na nusu. Wakubwa wakaona hapo hakuna tija. Mama wa simu akastaafishwa, simu yake ikaletwa chumba changu cha chai ikae juu ya kabati la sukari ikisubiri kufutwa kwenye orodha ya mali, na ukaja mtambo mpya, wenye kipaza sauti makao makuu na spika katika kila kituo.

Mtambo huo aliuelewa mtu mmoja tu, fundi wa mtandao, binti mwembamba aliyekuwa kwenye muda wa majaribio. Barua ya kuthibitishwa kazini ndiyo ingempa nyumba ya mtumishi, yeye na mwanawe wa kike wa miaka saba, maana kwa wakati ule walikuwa wanalala sebuleni kwa shangazi. Naomba iandikwe pia kwamba fundi huyu ni mmoja wa watu watatu, katika miaka yangu yote ya kazi, waliowahi kunirudishia kikombe kimeoshwa. Wa kwanza alikuwa mama wa simu. Wa pili alikuwa mgeni aliyekosea jengo.

Nilimwuliza mtambo unafanyaje kazi. Akanieleza taratibu, huku akipanga vikombe vyangu mezani.

"Bibi, zamani neno lilitoka hapa mara thelathini na nane. Sasa linatoka mara moja, linagawanyika lenyewe njiani, kama maji kwenye mifereji. Ila halimfuati mtu asiyelitaka. Kuna kikundi cha Bwawa na kuna kikundi cha Hotuba. Kituo kinaomba kikundi kinachokitaka. Kisichoomba hakiletewi."

"Na msemaji atamjuaje aliyeomba?"

"Hamjui. Ndiyo maana panatakiwa mahali pa kukutania. Msemaji anapeleka neno pale, na mwenye kuomba anakwenda kuombea palepale. Wakishaonana, kazi imekwisha. Sasa kila ruta," akagusa sanduku jeusi lenye vitaa alilokuwa nalo kwapani, "lazima niiambie kwa mkono kwamba mahali penyewe ni fulani. Yenyewe haitafuti. Nikiiambia ni hapa, itakuja hapahapa mpaka kiama, hata kama hapa pameungua."

Nikamwambia hilo nalifahamu. Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa tukipotezana sokoni, tukapatana kwamba aliyepotea akasubiri kwa mshona viatu. Siku moja mshona viatu akahama. Mzee wa watu alisimama penye alama za miguu ya kile kibanda mpaka soko likafungwa, na aliponiona hakunigombeza, alisema tu kwamba alijua nitapita.

"Basi Bibi umeshakuwa fundi," akasema.

Kwenye kikao alipendekeza Mahali pawe chumba cha mitambo, katikati ya jengo, kwa sababu pana umeme wa akiba na ubaridi. Akasisitiza jambo moja tu: pawe mahali pamoja, si pawili, na ruta zote thelathini na nane ziambiwe hapohapo.

Mkurugenzi wa Kanda ya Juu, anayesimamia vituo kumi na tisa vya karibu na bwawa, akauliza chumba cha mitambo kina viti vingapi. Fundi akasema hakina. Mkurugenzi akavua miwani. Aliuliza iwapo ni kweli sauti zote za Mamlaka zitakutania mahali pasipo na kiti. Kisha akasema kwamba kwa heshima ya taasisi yuko tayari kuitoa ofisi yake. Mkurugenzi wa Kanda ya Chini, anayesimamia vituo kumi na tisa vya mwisho, akasema yeye pia yuko tayari, tena ofisi yake ina zulia. Kila mmoja alijitolea kwa nguvu kuliko mwenzake, hadi mlinzi akaja kuchungulia mlangoni.

Sidhani kama kulikuwa na tamaa. Ni kweli kwamba rasimu ya Waraka Namba Saba, waliyoiandika wao wenyewe, ilisema mkuu wa chumba chenye Mahali ataitwa Mlezi wa Makutano, atapewa kiti cha kuzunguka na kiyoyozi, hotuba zote rasmi zitatolewa mbele yake, na hakuna barua yoyote kuhusu mtandao au fundi wake itakayotoka bila saini yake. Ilisema vilevile kwamba Mahali pakishazinduliwa hapahamishwi kamwe. Lakini hayo ni maneno ya kawaida ya waraka.

Mkurugenzi Mkuu ni mtu wa haki. Alinywa chai, akafikiri, akatoa uamuzi: usawa. Ruta kumi na tisa za juu zitaambiwa kwamba Mahali ni ofisi ya Kanda ya Juu, na kumi na tisa za chini zitaambiwa ni ofisi ya Kanda ya Chini. Na kipaza sauti cha makao makuu, kwa kuwa kiko ghorofa ya juu, kitahesabiwa ni cha Kanda ya Juu. Wajumbe wakapiga makofi. Mimi nilipiga kidogo, nilikuwa nimeshika birika.

Fundi akanyoosha mkono. "Mkurugenzi, neno la bwawa litapelekwa ofisi moja, na vituo vya chini vitakwenda kuliomba ofisi nyingine. Hawatakutana."

Mkurugenzi Mkuu akamwuliza kwa upole muda wake wa majaribio umebaki miezi mingapi. Fundi akasema mmoja.

"Basi tuwe wavumilivu," akasema Mkurugenzi Mkuu.

Mimi nami, kwa kuwa nilikuwa mjumbe kamili, niliomba kuuliza. Nilisema: mtu akisubiri mlango wa mbele na mwenzake akasubiri mlango wa nyuma, si kila mmoja atarudi nyumbani akisema mwenzake hakuja? Nikakumbusha kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Walicheka vizuri, bila dharau. Kumbukumbu za kikao ninazo, zimepigwa chapa na kugongwa mhuri: "Fundi alitoa shukrani. Mwakilishi wa Huduma aliuliza kuhusu milango, na alimtaja fisi."

Fundi akafanya kama alivyoagizwa, ruta moja baada ya nyingine. Alipomaliza, kila Mkurugenzi alidai neno la siri la ruta za kanda yake, akalitia kwenye bahasha, akaifunga kwa lakiri, akaiweka mfuko wa ndani wa koti. Tangu siku hiyo hata fundi mwenyewe hakuweza kugusa kitu.

Matokeo yalikuwa mazuri sana. Kila Jumatatu Mkurugenzi Mkuu alisoma hotuba ya dakika arobaini kuhusu mustakabali, na kila Jumanne vituo vyote vilijaza fomu ya mapokezi. Fomu ilikuwa na visanduku viwili: "imepokelewa vizuri" na "imepokelewa vizuri sana". Vituo vya chini vilijaza "vizuri sana" kuliko vya juu, na Mkurugenzi wa Kanda ya Chini alipongezwa mbele ya wote.

Wiki ya pili ile simu ya juu ya kabati la sukari ikalia. Alikuwa mhudumu wa kituo cha thelathini na nane, ambaye sote tunamwita Mama Mwisho kwa sababu baada yake hakuna kituo, ni mto tu. Alikuwa amekumbuka kwamba goti langu huuma majira hayo. Nilimshukuru, nikamwuliza hotuba anazionaje.

"Hotuba gani, dada yangu? Hii spika tangu muifunge haijakohoa. Kuku wangu ameshaingia ndani anatagia."

Nikampelekea fundi habari hizo pamoja na chai yake. Aliweka kikombe chini, akaandika barua. Siku ya tatu akajibiwa: barua yako imepokelewa vizuri. Akaandika ya pili, akachora na picha. Akajibiwa: imepokelewa vizuri sana. Ya tatu ilijibiwa na wakurugenzi wote wawili, kila mmoja kwa karatasi yake, kwamba fundi anakumbushwa kuwa uthibitisho wake unashughulikiwa.

Nilimwambia, "Mjukuu wangu, nyamaza hizi siku zilizobaki tu. Ukishapewa barua utasema."

"Na mvua ikinyesha siku hizo, Bibi?"

Nilimwongezea sukari.

Mvua ikanyesha. Ilinyesha siku sita mfululizo, bwawa likajaa hadi alama nyekundu, na wahandisi wakasema milango ifunguliwe Alhamisi, saa sita mchana. Wakubwa walifurahi, kwa sababu Alhamisi ndiyo siku ambayo Waziri alikuwa anakuja kuzindua Mahali pa Kukutania. Ikapangwa kwamba saa nne asubuhi Waziri mwenyewe atasema kwenye kipaza sauti, vituo vyote thelathini na vinane vitasikia kwa mara moja, na wahudumu watakuwa na saa mbili nzima za kuwatoa watu mtoni. Jiwe la marumaru lilishachongwa. Liliandikwa "Mahali pa Kukutania pamezinduliwa" na tarehe, bila kutaja ofisi yoyote, kwa kuwa kuhusu ofisi wakurugenzi hawakuwa wamekubaliana.

Jumatano fundi alikwenda ofisi tatu kwa miguu yake. Kwa Mkurugenzi wa Kanda ya Juu aliomba bahasha, akaambiwa aanze na mwenzake. Kwa Mkurugenzi wa Kanda ya Chini aliambiwa vivyo hivyo. Kwa Mkurugenzi Mkuu aliambiwa kwamba kubadili uamuzi wa Kamati kunahitaji kikao cha Kamati, kikao kinahitaji akidi, na wajumbe wawili hawawezi kukaa chumba kimoja kwa sasa. Aliambiwa pia asije kuwaaibisha mbele ya mgeni.

Alhamisi saa nne kamili nilikuwa nachemsha maji ya chai ya Waziri. Kutoka ukumbini nikamsikia akisema kwenye kipaza sauti kwamba milango itafunguliwa saa sita, watu wote watoke mtoni. Alisema vizuri, kwa sauti ya kubembeleza. Makofi yakapigwa, na zikaanza hotuba.

Fundi akaingia chumba cha chai akafunga mlango.

"Vituo vya juu vimesikia, Bibi. Vya chini hakuna hata kimoja."

Nyuma ya kabati la sukari, ukutani, bado palikuwa na karatasi ya mama wa simu, namba zote thelathini na nane kwa mwandiko wake, na pembeni ya baadhi ya namba ameandika "ana pacha" au "hasikii vizuri sikio la kushoto". Nilikuwa sijaibandua kwa sababu mwandiko ule ulinifariji. Tulisogeza kabati. Nikazima jiko. Fundi akasoma namba, mimi nikapiga.

Tulianza na kituo cha ishirini, maana maji yangefika huko kwanza. Aliyepokea akaniambia mtoni pamejaa, ni siku ya kufua. Nikamwambia apige kengele sasa hivi, tutaongea siku nyingine. Wa ishirini na moja. Wa ishirini na mbili. Fundi alikuwa akiweka alama ya penseli kila nilipokata simu.

"Usiulize watoto leo, Bibi," akaniambia. "Leo tukimbie."

Nikaacha kuuliza watoto. Ilinisumbua, maana kumpigia mtu bila kumjulia hali ni kama kuingia kwake na viatu, lakini niliacha. Yule wa sikio la kushoto ilibidi nimwambie mara nne. Kituo cha thelathini na moja hakikupokea, tukampigia jirani yake wa thelathini, akaondoka kwa baiskeli. Saa tano kasoro dakika kumi nilimpata Mama Mwisho.

"Mto umelala, dada," akasema. "Una hakika?"

"Nina hakika. Mchana utaamka."

"Basi napiga kengele. Nitakupigia nikimaliza."

Tukabaki palepale tukisubiri vituo virudishe jibu.

Sasa, tatizo pekee lililoonekana ukumbini siku ile lilikuwa chai. Hotuba zote zilikwenda sawa, zulia jekundu lilikaa sawa, lakini saa tano na nusu Waziri alikuwa hajapata kikombe. Aliuliza mara moja kwa utani. Mara ya pili hakutania. Mkurugenzi Mkuu akainuka kuja mwenyewe kunitafuta, wakurugenzi wawili wakainuka ili asiende bila wao, na Waziri, ambaye alikuwa amekaa tangu asubuhi, akasema naye ananyoosha miguu.

Mlango ulipofunguliwa walimkuta mpika chai kaketi juu ya debe la sukari, fundi wa mtandao kapiga magoti na penseli mdomoni, na jiko limezimwa. Kabla mtu hajasema kitu, simu ikalia. Waziri alikuwa karibu nayo kuliko mimi. Akaipokea.

Simu ile ni ya zamani na sauti yake ni kubwa. Sote tulisikia.

"Bibi, mtoni hakuna hata bata. Nimewatoa mpaka wale wa mchanga, mmoja nimemtoa kwa fimbo. Hebu niambie, hao wakubwa wako wanazindua nini leo? Maana hili lispika lao limenipa mayai sita."

"Hapa anaongea Waziri," akasema Waziri.

"Shikamoo, Waziri. Goti la Bibi linaendeleaje?"

"Marahaba," akasema Waziri, akanitazama goti. "Linaendelea vizuri."

Akaweka simu chini polepole. Akamgeukia Mkurugenzi Mkuu, akamwuliza imekuwaje mhudumu wa kituo cha mwisho kabisa amewatoa watu mtoni ikiwa spika yake ni kiota cha kuku.

Nimefanya kazi na viongozi wengi, lakini sijapata kumwona aliyefikiri haraka kama Mkurugenzi Mkuu wakati ule. Aliitazama simu. Aliitazama karatasi ya ukutani yenye alama kumi na tisa za penseli. Akaweka mkono kifuani.

"Mheshimiwa," akasema, "hapa ndipo Mahali pa Kukutania."

"Hapa? Kwenye sukari?"

"Hapahapa. Zile ofisi mbili zilikuwa za majaribio."

Wakurugenzi wawili walifungua midomo pamoja na kuifunga pamoja. Waziri alizunguka chumba, hatua tatu kwenda na tatu kurudi. Akasema kwamba kwa miaka mingi amekuwa akihubiri ubunifu wa ndani, na sasa ameuona kwa macho yake. Akaagiza jiwe la marumaru liletwe. Seremala akalifunga ukutani juu ya jiko, kwa skrubu nane na saruji, na Waziri akavuta kitambaa.

"Na hizo ruta zote zinaelekea hapa?" akauliza.

"Zote, Mheshimiwa," akasema Mkurugenzi Mkuu.

"Zitaelekea," akasema fundi, "nikipewa bahasha mbili zilizoko kwenye makoti."

Waziri akanyoosha mkono. Bahasha ya Kanda ya Juu ikatoka, na ya Kanda ya Chini ikatoka baada yake, zote zikiwa na joto la kifua. Saa sita milango ya bwawa ikafunguliwa. Maji yalipita vituo vyote thelathini na vinane, na mtoni hayakukuta mtu. Saa nane fundi alikuwa amemaliza kuziambia ruta zote mahali pamoja tu: rafu ya pili ya chumba cha chai, kando ya chupa ya majani, ambapo alifunga kile kisanduku chake cheusi chenye vitaa. Alivuta hata waya wa umeme wa akiba. Saa tisa Mama Mwisho alipiga kulalamika kwamba spika imesema ghafla na kuku wake amekimbilia kwa jirani.

Ndipo Waraka Namba Saba ulipoanza kutumika, na naweza kushuhudia kwamba ni waraka mzuri. Mahali pakishazinduliwa hapahamishwi. Mkuu wa chumba chenye Mahali ndiye Mlezi wa Makutano. Chumba cha chai kina mkuu mmoja, miaka thelathini na moja sasa. Karani aliusoma mara tatu akitafuta pa kutokea, akashindwa, akaniletea kiti cha kuzunguka. Kinanisaidia goti. Kiyoyozi nilikataa, chai inapoa.

Wiki iliyofuata, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Mkurugenzi wa Kanda ya Juu na Mkurugenzi wa Kanda ya Chini walikubaliana. Waliandika pamoja barua ya kumwachisha kazi fundi, kurasa tatu, kwa kosa la kutumia simu iliyokuwa inasubiri kufutwa kwenye orodha ya mali, na kwa kumpigisha Waziri soga na mtu wa kuku. Ilibaki saini ya Mlezi tu. Waliniletea wenyewe. Nikawapa chai, nikawaambia barua nimeipokea vizuri sana, ila mimi shule yangu ni ndogo na husoma polepole. Siku hiyo ililetwa pia barua nyingine, ya kumthibitisha fundi, ambayo karani alikuwa ameichapa zamani ikakosa mtu wa kuisaini. Hiyo ilikuwa na mistari miwili. Niliimaliza palepale nikaitia saini, kwa herufi kubwa, ili isisumbue macho ya mtu.

Ile ya kurasa tatu bado naisoma. Niko mstari wa nne. Nimeiwekea birika juu nisipoteze nilipofika. Wakurugenzi hupita kila siku kuulizia, na kwa kuwa kiti cha wageni ni kimoja, mmoja hukaa na mwingine husimama, na kesho yake hubadilishana. Wameanza kusalimiana. Juzi mmoja alimshikia mwenzake kikombe. Kwa hiyo Mahali panafanya kazi.

Fundi na mwanawe wamehamia nyumba ya mtumishi. Mtoto amenichorea picha ya kuku juu ya spika, nimeibandika karibu na jiwe.

Jumatatu iliyopita Mkurugenzi Mkuu alikuja kusoma hotuba yake, maana ukurasa wa tisa unasema hotuba rasmi hutolewa mbele ya Mlezi. Alisimama kati ya jiko na kabati la sukari, akakunjua karatasi. Kabla hajaanza alimwuliza fundi, kwa fahari, kwamba sasa mtambo umenyooka, ni vituo vingapi vinamsikiliza.

Fundi alitazama kompyuta yake. Akatazama tena.

"Kikundi cha Bwawa kimeombwa na vituo thelathini na vinane, Mkurugenzi. Vyote."

"Na cha Hotuba?"

Fundi akanitazama mimi. Ni binti mwenye adabu, alitaka mtu mzima aseme.

"Hakijaombwa, baba," nikasema.

"Hakijaombwa na kituo gani?"

"Na kituo chochote."

Alizitazama karatasi mkononi, kurasa kumi na mbili za mustakabali. Nilimwonea huruma, kwa sababu nilikumbuka yule mzee wangu alivyosimama penye kibanda kilichohama. Ila mzee wangu alikuwa na uhakika kwamba mtu atapita. Nikamwomba fundi aniandikishe mimi.

"Sasa yuko mmoja," nikamwambia Mkurugenzi Mkuu. "Soma, baba, nakusikiliza."

Akasoma zote kumi na mbili. Alipomaliza nilijaza fomu, nikaweka alama kwenye "imepokelewa vizuri". Ile ya "vizuri sana" niliiacha, kwa sababu kuanzia ukurasa wa pili maji yalikuwa yanachemka.